Mtu Aliyeruhusiwa Kukaa

Mwanangu James alikuwa mtu wa kazi. Nalisema hilo kwanza, maana kuna watu kanisani kwetu hapa Edmonton, London, walimjua akiwa kwenye kiti cha magurudumu tu, wakadhani kazaliwa nacho. Hakuzaliwa nacho. Kazaliwa Muheza msimu wa machungwa, kalia mpaka wapakia magari wakamsikia barabarani, na alipoanza kutembea hakukaa tena. Nilikuwa namfunga kamba ya kanga kiunoni ili nipate kutwanga.

Kaja London kijana. Kaosha masufuria, kafagia vituo vya treni, mwisho kapata kazi kwenye ghala, hukuhuku Edmonton. Ghala la vyakula vya makopo na karatasi za chooni. Wakamfundisha foklifti, ile gari yenye meno mawili mbele inayonyanyua mizigo mpaka darini. Hapo ndipo mwanangu alipoipata dunia yake. Alinivuta nije, enzi hizo bado wanaruhusu mtu kumvuta mama yake, na jambo la kwanza alilonionyesha London halikuwa kasri la mtu wala daraja. Alinipeleka nje ya uzio wa ghala, tukasimama kwenye baridi, akaninyooshea kidole: "Mama, unaona ile rafu ya juu kabisa? Pale napandisha mimi. Na sigusi nguzo."

Nikamwambia, "Umenitoa Muheza nije kutazama karatasi za chooni?"

Alicheka mpaka mlinzi akageuka.

Hata nyumbani alikuwa vilevile. Kabati la jikoni kalipanga kighala: unga wa kilo kumi chini, sukari juu yake, majani ya chai juu kabisa, maandishi yote yanatazama mbele. Mkewe Zipporah akichomoa pakiti ya katikati, James anapiga kelele, "Umebomoa ghala langu!" Na Zipporah, Mkenya yule, anamjibu, "Ghala ni ya nani? Hii jiko ni yangu!" Wakicheka. Nasema walikuwa wakicheka kwa sababu ni kweli, na mimi sisemi uongo hata kwa mtu nisiyempenda. Watoto Mungu hakuwapa. Tulikuwa watatu tu ndani ya nyumba ile, ghorofa ya tatu.

Jumamosi na Jumapili jioni James alikuwa anaendesha teksi. Nalitaja hilo kwa sababu ya kodi. Mtu wa ghalani kodi yake inakatwa hukohuko kabla hela haijamfikia. Lakini mtu mwenye teksi yake lazima ajiandikie mwenyewe kila mwaka, apeleke serikalini. James alikuwa na vyote viwili, basi kila mwaka alikaa mezani na karatasi zake, miwani puani, hataki kusemeshwa. Hakuwahi kuomba msaada wa mtu.

Siku alipoumia hata hakuwa juu ya foklifti. Alikuwa anapita kwa miguu, anakwenda kula. Shehena ya makopo ya nyanya ikatoka rafuni ikamwangukia kiunoni. Nyanya, jamani. Mimi tangu siku ile mchuzi wangu naupika na ukwaju.

Walimpasua, wakamshona, wakampasua tena. Miguu haikurudi.

Msimamizi wake wa kazini alikuja hospitali na maua na kadi. Wakati huohuo hela ikaingia benki kutoka kampuni, si kama ile aliyokuwa anapata, imepungua, lakini imeingia. Nikamuuliza Zipporah, "Kwani bado wanamlipa mshahara?"

Akasema, "Hapana Mum, si mshahara. Ni pole tu wanampatia."

Neno likatoka mdomoni kwake hivyo, kiti cha hospitali kati yetu, na maua ya yule msimamizi yananuka. Halikurudi tena lilikotoka.

Nyie mnajua pole ni kitu gani. Mtu kavunjika mguu, mnakwenda na bahasha, mnaisukuma chini ya mto, mnasema habari za mvua, mnaondoka. Pole ni heshima. Mimi nimetoa pole nyingi na nimepokea nilipofiwa na mume wangu. Lakini pole ni ya siku ile. Hakuna mtu anayeamka kila mwezi kula pole. Anayefanya hivyo tuna jina lake jingine, na nyie mnalijua pia.

Zipporah kalisema kanisani vilevile alivyolisema hospitali. Basi ikawa tukitoka ibadani, mtu anamwinamia James kwenye kiti chake: "Shemeji, ile pole bado inaingia?" Mwanzo alijibu, "Inaingia, namshukuru Mungu." Baadaye akawa anaitikia kwa kichwa. Baadaye tena akasema hataki kwenda kanisani, baridi inamwingia mgongoni. Baridi gani, na Juni ile.

Na nyumbani akaanza kuomba ruhusa. Siku moja namsikia chumbani anamwambia mkewe, "Zippy, naomba nikanyoe nywele."

Mtu mzima, mvi zimeanza, anaomba kunyoa! Nikaingia. Nikasema, "James, kinyozi ni wako, kichwa ni chako, hela ni yako. Unaomba nini?"

Akasema, "Hela si yangu, mama. Anayefanya kazi humu ndani ni Zippy."

Zipporah akakunja nguo kimya. Nilimngoja aseme, "Hapana, James, ni yako." Hakusema. Alikuwa kachoka, najua, alikuwa ametoka kunyanyua wazee wa watu kwenye nyumba ya kulelea wazee tangu alfajiri. Lakini neno moja halichoshi mtu.

Sasa lifti. Lifti ya jengo letu ilikuwa inaharibika, inatengenezwa, inaharibika. Ikilala, James naye anafungiwa juu kama kuku. Zipporah kwa hiyo akatafuta nyumba ya chini, na hapo simnyimi haki yake, alitafuta kwa bidii. Akaipata, mtaa wa nyuma hukuhuku Edmonton, mlango mpana, hakuna ngazi hata moja, na kibustani nyuma. Tukaenda wote kwa wakala wa nyumba, kijana mmoja anaitwa Mitesh, suti nzuri na viatu bila soksi. Nilimtazama vifundo vile vya miguu nikasema kimoyomoyo, mama yako hajui umetoka hivi.

Mitesh alikuwa na adabu. Akamuuliza Zipporah kipato chake, naye akamwonyesha karatasi ya mwaka ya kazini, ile wanaita P60. Mitesh akauliza, na mume wako ana kipato gani?

Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini hili nililisikia sawasawa. Zipporah akasema, "Hapana, hana. Wanampa tu sori mani."

Sori mani! Pole hiyo, kaitafsiri.

Mitesh akakunja uso. Akauliza, ni fidia? Ya ajali? Zipporah akasema ndiyo, kitu kama hicho. James akafungua mdomo: "Hapana, ile ni..." Zipporah akamgusa bega, akamwambia kwa Kiswahili, "Wacha nimalize, usichanganye mtu." James akafunga mdomo. Mitesh akaandika.

Akasema basi mkataba utakuwa wa Zipporah peke yake. Mimi na James tutaandikwa pamitedi okyupaya.

Kwenye basi nikamuuliza James, "Hiyo okyupaya ndiyo nini?"

"Mtu aliyeruhusiwa kukaa."

"Kama paka?"

"Paka hawaruhusiwi, mama. Imeandikwa pale chini."

Alisema anacheka, na mimi nikacheka, mpaka nikamwona anafuta macho na mgongo wa mkono. Akaniambia polepole, Zipporah kakaa mbele hasikii, "Mama, mimi ndiye niliyemleta Zippy London. Kwenye nyumba niliyolipia mimi. Sasa mimi niwe nimeruhusiwa?"

Nikamwambia, "Basi jina lako liingie."

Toka hapo hakuwa na kazi nyingine. Alimpigia Mitesh mwenyewe. Mitesh akamwambia vizuri kabisa, mzee, jina linaweza kuingia, niletee tu karatasi inayoonyesha kipato chako cha mwaka. Ama ile P60 ya kazini, ama karatasi ya watu wa kodi. Uilete kabla hatujasaini, na tunasaini mwisho wa mwezi.

P60 haikuwepo. Ghala lilikuwa limeuzwa. Wenye ghala wapya wakasema, wewe ni wa wale wa zamani, waulize wao. Wale wa zamani simu yao ilikuwa inapiga muziki. Slipu za kila mwezi zamani zilikuwa zinakuja kwa posta, halafu wakazihamishia kwenye simu, halafu kampuni ilipouzwa huo mlango wa kwenye simu ukafungwa. James akipiga anakaa na muziki ule sikioni, hakati, anaogopa akikata ndipo watakapopokea. Akibahatika mtu kupokea, anaambiwa tutakupigia. Nani aliyempigia?

Na wakati huohuo watu wa kodi wanaidai fomu yake ya mwaka, maana jina lake la teksi bado lilikuwa kwao ingawa haendeshi tena. Akamwambia Zipporah, "Ngoja nijaze fomu ya kodi, na hii hela ya kampuni niiandike humo. Watanipa karatasi, nitampelekea Mitesh."

Zipporah akasema, "James, wacha hiyo maneno. Pesa ya disability haikatwi kodi. Beatha wa kazini ameniambia, bwana yake anapata na haandiki mahali popote. Unajitafutia shida na serikali bure."

"Yake Beatha inatoka serikalini. Yangu inatoka kazini."

"Inatoka kazini kwa sababu waliangusha nyanya juu yako! Si ni pole hiyo? Utapeleka pole kwa watu wa kodi?"

"Basi niambie, Zippy," James akasema, "mimi humu ndani naishi kwa pole ya watu?"

Zipporah akashika kichwa. "Mimi sijasema hivyo. Kila siku unasema nimesema hivyo."

Alisema. Nilikuwepo.

Mimi sikusoma. Darasa la pili nilitolewa kwenda kulea wadogo zangu. Lakini najua mtu wa kumwita. Kuna mama mmoja Wembley, Kalpana, Mhindi wa Tanga, baba yake alikuwa na duka la vitambaa barabara ya kumi na mbili. Tulikutana Wembley tunagombea muhogo mmoja sokoni, akanitukana Kitanga, nikamrudishia, tukakumbatiana. Kafanya hesabu za maduka ya watu maisha yake yote, kasomea hasa, na mpaka leo wana wa Wembley wanamnyenyekea. Nikampigia nikamwambia, njoo, na lifti ni mbovu.

Akapanda ghorofa zote na goti lake bovu. Namsikia ngazini: "Mama James! Ungekuwa unakaa mbinguni ningeshafika!"

"Mbinguni hawakutaki wewe, utawahesabu malaika!"

Akaingia anahema, akavua viatu, akakaa mezani bila kukaribishwa, akasema, "Lete kila kitu." James akaleta. Karatasi za benki, na slipu chache za zile zilizokuja kwa posta miezi ya mwanzo baada ya kuumia. Kalpana akavaa miwani juu ya miwani.

"Hii inayoingia kila mwezi ni nini?"

James akasema kwa sauti ya chini, "Ni pole."

"Pole ya nani?"

"Ya kampuni. Tangu nilipoumia."

Kalpana akaichukua slipu moja, akaweka kidole. "Hapa pameandikwa nini?"

"Kodi."

"Imekatwa?"

"Imekatwa."

"Mimi mtoto wa Tanga," Kalpana akasema. "Pole za watu nimekula na pole nimetoa. Hebu niambie, tangu lini umeona bahasha ya pole imekatwa kodi?"

 James akaivuta slipu ile karibu na macho.

"Mwanangu, sikiliza. Kampuni yenu iliwakatia bima wafanyakazi wake, ili mtu akiumia aendelee kulipwa. Bima inaipa kampuni, kampuni inakulipa wewe kwenye daftari la mishahara, na jina lako bado liko mle. Huu ni mshahara. Mshahara wa mtu mgonjwa, umepungua, lakini ni mshahara. Ile nyingine watu wanayopata serikalini ya ulemavu, ile haina kodi wala huiandiki. Mkeo kazichanganya hizi mbili. Wengi wanachanganya."

"Rudia," James akasema.

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya jina langu."

Akairudia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo, nikaona shingo ya mwanangu inanyooka. Nyie hamkuiona shingo ile miaka miwili ilivyokuwa. Imezama mabegani kama ya kobe.

"Lakini P60 sina," akasema.

"Huna, basi tutaandika bila yake. Tunajumlisha zilizoingia benki, tunakadiria kodi iliyokatwa kwa hizi slipu ulizo nazo, tunaonyesha kwamba ni makadirio. Halafu kuna nafasi nyeupe ya maelezo, mle tunasema ukweli: kampuni imeuzwa, karatasi nimeiomba hawajaileta, ikija na hesabu tofauti nitarekebisha. Hawali mtu. Kinachokula mtu ni kuficha."

Alitaka kuandika yeye Kalpana, James akavuta kompyuta. "Niachie." Akaandika mwenyewe, herufi moja moja, vidole vimekuwa vizito. Alipofika mahali pa kuandika malipo ya kazini akapasoma kwa sauti kama anasoma Injili, halafu akanigeukia.

"Mama! Chai iko wapi? Mgeni amekauka hapa! Tia tangawizi!"

Alipiga kelele. Kwake mwenyewe, jikoni kwake, anadai chai. Nikakimbia na miguu yangu hii.

Kalpana akatuambia tusubiri kidogo, siku chache tu, ile karatasi ya kodi itaweza kutolewa kwenye kompyuta, atakuja kuitoa yeye, tumpelekee Mitesh. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado. James akaniambia nimletee shati la bluu, atalivaa siku ya kusaini. Nikalipiga pasi.

Zipporah akarudi jioni ile, viatu mkononi, soksi zimelowa. James kamngoja sebuleni, kiti kakielekeza mlangoni.

"Zippy, ni mshahara. Kalpana ameangalia. Kumbe bado niko kwenye daftari lao. Nimeshaandika kodi. Karatasi inakuja, jina langu litaingia kwenye mkataba, mimi na wewe."

Zipporah akasimama na viatu vyake. Akasema, "James. Mitesh alinipigia leo."

"Akasemaje?"

"Kuna watu wengine walikuwa wanataka hiyo nyumba. Walikuwa wako ofisini kwake. Akaniambia kama ninaitaka nisaini leo."

James akasukuma kiti mbele kidogo.

"Nimesaini," Zipporah akasema. "Alinitumia kwa simu. Nimesaini nikiwa kazini, kwa choo, na kidole. Si ningefanya nini? Tungepoteza nyumba."

"Hukunipigia."

"Ungesema ngoja. Kila siku ni ngoja, ngoja."

"Ningesema mwambie Mitesh mume wangu ana mshahara," James akasema. "Hicho tu. Kwa simu hiyohiyo."

"Sikujua! Mimi nilijuaje?"

"Nilikuambia."

Zipporah akakaa chini sakafuni, pale pale mlangoni, akaanza kulia kwa hasira. "Mchana kutwa ninabeba wazee wa watu. Nikirudi ninabeba wewe. Nilitaka tu nyumba haina ngazi, James. Kwa sababu yako. Mkataba ni wa mwaka moja, ukiisha nitakuongeza. Jina ni nini? Si utalala ndani vile vile?"

James akasema, "Sawa, Zippy."

Ningemkata ulimi yule mwanamke. Lakini James mwenyewe kasema sawa. Akageuza kiti, akaenda chumbani, na shati lile la bluu akalitoa kwenye henga akalikunja.

Tulihama. Nyumba nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Mlango mpana, jua linaingia jikoni. Nikampangia James unga na sukari karibu na mkono wake, nikamwambia, haya, ghala lako hilo. Akasema, "Muulize Zippy anataka vikae vipi." Vikakaa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka Zipporah alipovipanga ovyo.

Picha James hakutundika. Dirisha hafungui mpaka aulize. Jirani yetu, mama mmoja Mpunjabi anaitwa Parminder, alikuja na sahani ya vitafunio kutukaribisha mtaani, akamuuliza James, wewe ndiye mwenye nyumba? James akamjibu, "Hapana, mimi nimeruhusiwa tu." Yule mama akacheka, akadhani ni mzaha wa mume na mke. Akamwambia hata wangu yuko hivyohivyo.

Karatasi ya kodi Kalpana aliileta, kama alivyosema. Kila kitu sawa. Na P60 nayo ilikuja mwishowe, hesabu zikalingana karibu kabisa na makadirio yake. Zipporah akamwambia James, "Tumpelekee Mitesh sasa?" Na Mitesh kwenye simu akasema kwa adabu zake kwamba mkataba ukishasainiwa haufunguliwi katikati, tungoje mwakani. James akasema mwakani sawa. Kalpana alijaribu kumtania, akamwambia, "Mtu wa mshahara, nikopeshe basi." James akatabasamu ile ya kumridhisha mgeni. Neno mshahara lilichelewa kumfikia. Mtu akishakula neno bovu miaka miwili, ukimletea zuri tumbo limeshafunga.

Nilimwambia Zipporah siku hizo, jikoni, "Mwambie. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Wewe ndiye uliyemvika lile jina, umvue wewe."

Akasema, "Mum, nilisema sori."

"Sori ndiyo ileile pole, mwanangu. Ameshiba."

Alifariki kabla mwaka haujaisha. Asubuhi ya kawaida, Zipporah yuko kazini, mimi naosha mchele. Aliniita, "Mama," si kwa kelele, nikasema nakuja, nikafuta mikono, nikaenda. Damu iliganda mguuni kwa sababu ya kukaa, ikapanda kwenye pafu. Daktari kasema hata ningekuwa nimesimama pembeni yake isingesaidia. Nilimshika kichwa mpaka walipokuja wa gari la wagonjwa, na walipokuja nikawaambia waingie, mlango mpana, hauna shida.

Kuandikisha kifo tulikwenda mimi na Zipporah. Chumba kidogo, boksi la tishu mezani, dada mwenye sauti ya upole anapiga taipu. Jina. Alizaliwa wapi. Zipporah akamtajia herufi za Muheza. Halafu yule dada akauliza, kazi yake?

Nikamgeukia Zipporah. Nilikuwa tayari. Ningepiga kelele kwa Kiingereza changu cha sokoni mpaka jengo lisikie.

Zipporah akasema, "Dereva wa foklifti. Ghala." Akalisema vizuri, neno moja moja, kama anasoma. Yule dada akauliza, alikuwa amestaafu? Hakuwa na kazi? Zipporah akasema, "Hapana. Mume wangu alikuwa kwenye mshahara mpaka siku aliyokufa."

Na machozi yanamtoka, na hafuti.

Tulipokuwa kituo cha basi akanishika mkono. "Mum, nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri."

"Basi Mum, nisamehe."

Nikauangalia mkono wake juu ya wangu. Mkono wa kazi, kucha zimekatwa fupi, umebeba watu. Nikamwambia, "Ulikuwa unalijua. Neno lile lote ulikuwa nalo mdomoni, umekwenda kumpa mtu asiyemjua, anayepiga taipu." Basi likaja, nikaukuta mkono wangu umeshatoka.

Tunakaa wote bado, sina pengine pa kwenda. Ananiletea dawa, ananiuliza nimekula nini. Mwezi uliopita mkataba ulikwisha, wakawa wanaandika mwingine. Zipporah akarudi kutoka kazini mapema siku hiyo, akavua koti, akasema, "Mum, nimeongea na Mitesh. Amekubali jina lako iingie, pamoja na yangu. Utakuwa mwenye nyumba na wewe."

Nikamwambia, "Jina langu liache. Mimi niandike kama alivyokuwa mwanangu."

"Mum, tafadhali."

"Nimeruhusiwa, inatosha."

Akalia palepale kwenye sinki, kashika ukingo kwa mikono miwili. Tishu zilikuwa karibu yangu, mezani. Sikumpa.